Nyumba Namba Kumi na Moja

Hapo zamani. Msinitazame hivyo, si zamani ya fisi na sungura. Ni zamani ya juzi tu, watu wana simu mfukoni na bado wanapanga foleni kugongewa mihuri. Mwenye kutafuna aendelee kutafuna, mradi masikio ayalete hapa, kwa sababu mwisho wa hadithi nitawauliza swali, na asiyesikiliza atajibu upuuzi.

Hapo zamani palikuwa na kiwanda cha kukoboa kahawa kwenye mteremko wa mlima. Mimi nilikuwa nikishona midomo ya magunia pale, miaka kumi na saba, kwa hiyo ninayowaambia sikuyaota. Kiwanda kile kilikuwa na chumba kinachoitwa masjala. Humo ndimo mafaili yalimolala: mafaili elfu kumi na nne, mpaka darini, na harufu ya vumbi na gundi. Barua zote, mikataba yote, fomu zote za miaka sitini.

Mwenye chumba alikuwa Mzee Kilasara. Aliingia mle akiwa na miaka ishirini, na sasa alikuwa na sitini. Ukitaka faili, hukuingia. Ulisimama dirishani, ukasema shida yako, yeye akafumba macho kidogo, akaenda, akarudi nalo. Faili likitoka asubuhi lazima lirudi jioni. "Faili halilali nje," alikuwa akisema, hata kwa mkurugenzi mwenyewe, na mkurugenzi analirudisha.

Basi siku moja likaja neno kutoka juu: karatasi zote ziingizwe kwenye kompyuta. Wakamleta Wambura, fundi wa kompyuta, mtu wa Mara, mrefu, mcheshi, mwenye mikono ya mkulima na vidole vya mpiga zeze. Wakamchukua na Hyasinta. Huyu alikuwa mpiga chapa wetu wa siku nyingi. Taipureta yake ilikwisha kutupwa stoo, akawa hana kazi yenye jina. Wakampa mashine ya skana.

Amri zikatoka tatu. Ya kwanza: Hyasinta askani kila karatasi, upande wa mbele tu, maana nyuma hakuna kitu. Ya pili: karatasi ikishaskaniwa ipelekwe kwenye tanuri ichomwe. Ya tatu: masjala ikishakwisha, Mzee Kilasara apumzike. Walisema apumzike, wenyewe mnajua maana yake. Na aliyeshauri karatasi zichomwe alikuwa Wambura. Alisema kwenye kikao, tena kwa kicheko, "Zama za karatasi zimekwisha, jamani. Tunafuga panya tu."

Wakaanza kazi. Sasa sikilizeni jinsi kila mmoja alivyovunja amri yake.

Hyasinta aliambiwa mbele tu. Yeye akaskani mbele, akageuza, akaskani nyuma. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Na kabla ya kuskani alichukua penseli, akaandika namba ndogo kwenye kona, pande zote mbili: gunia la ngapi, karatasi ya ngapi. Kazi ya miezi minne ikawa ya miezi tisa. Akapewa barua ya onyo. Akaisoma, akaiskani nayo, mbele na nyuma.

Mzee Kilasara aliambiwa apeleke magunia ya karatasi kwenye tanuri. Na kweli kila Ijumaa alionekana anasukuma mkokoteni wa magunia kwenda kwenye tanuri, na moshi ukapanda, na mkurugenzi akaridhika. Lakini mimi nashona magunia, nayajua magunia. Moshi ule ulinukia makapi ya kahawa. Makapi tulikuwa nayo milima kwa milima, hayana mwenyewe, na gunia la makapi ukilitazama kwa nje huwezi kulitofautisha na gunia la karatasi. Nikanyamaza. Ya kuyaona ni mengi, ya kuyasema ni machache.

Na Wambura? Wambura hakuwa na amri ya kuvunja. Subirini.

Mwaka ukaisha. Kiwanda kikauzwa. Wanunuzi wakaleta wakili, mwanamke wa miwani, mpole wa sauti na mgumu wa neno. Akatangaza: nyumba zote za kota, zile za wafanyakazi zilizo kwenye ardhi ya kiwanda, zitabomolewa. Mwenye hati aje nayo kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya wiki ijayo. Asiye na hati afungashe.

Nyumba namba kumi na moja alikaa Bibi Aikande. Mumewe, marehemu Fundi Anaeli, alikuwa mtu wa mashine, na mashine ya kukoboa namba tatu ilimkata mkono wa kulia, zamani za ule mwaka wa njaa ya vitu, sukari hakuna, sabuni hakuna, karatasi hakuna. Meneja wa siku hizo alimpa nyumba ile na shamba lake la migomba, akamwandikia na barua. Anaeli akaishi humo na mkono mmoja miaka thelathini, akafa, akazikwa migombani, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni. Nakala yao ya barua ilikwisha kuliwa na mchwa. Mnaelewa? Nyumba ikibomolewa si kuta tu. Trekta litapita juu ya Anaeli.

Jumatatu, wale watatu wakiwa bado wanakabidhi kazi, Bibi Aikande akaja ofisini, kajifunga khanga mbili, akasimama pale dirishani alipozoea kusimama kila mtu.

"Baba Kilasara, nitafutie barua ya marehemu."

"Mama, ukae. Hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua."

Mzee akafumba macho. Lakini rafu zilikuwa tupu, mafaili hayapo, na kile kichwa chake kilichokuwa ramani sasa hakikuwa na nchi ya kuonyesha. Akasema, "Ningeiweka kwenye faili la Nyumba." Wakatazama faili la Nyumba kwenye kompyuta. Haipo. Akasema, "Basi faili la Watumishi, herufi A." Wakatazama. Haipo. Mzee akakaa kwenye kiti, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini akasema, "Sijui."

Hyasinta akafungua daftari lake la namba, alimoandika kila gunia lina mafaili gani. Akapitisha kidole, ukurasa kwa ukurasa, siku nzima ya Jumatatu. Haipo.

Wambura akaandika jina kwenye kompyuta: Anaeli. Ikaja mishahara, ikaja likizo, ikaja cheti cha hospitali. Barua haipo.

Bibi Aikande hakulia. Alikunja pindo la khanga, akasema, "Basi nitakwenda kumwambia mwenyewe." Akaondoka kuelekea migombani. Hyasinta alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akamgeukia Wambura.

"Kaka Wambura, hiyo kompyuta yako inasoma kila kitu?"

Wambura akajikuna kichwa. "Inasoma maandishi ya taipureta, dada. Ya mkono haiyajui. Kwake yeye mwandiko wa mkono ni mikwaruzo tu."

"Na ule mwaka karatasi hazikuwepo, utepe wa taipureta ungepatikana wapi? Mimi nilianza kazi miaka mingi baadaye, lakini nimeskani. Nyuma za karatasi za mwaka ule zimejaa mikwaruzo."

Hapo Wambura akasukuma chai yake pembeni. Akavuta kiti. Akatoa kurasa mia mbili za mwandiko wa mkono, akaanza kuisomesha kompyuta. Anaionyesha neno, anaiandikia ni neno gani. Anaionyesha, anaiandikia. Ikikosea anairudisha mwanzo, bila hasira, anacheka nayo. Jumanne hivyo, Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo, chai inapoa pembeni yake. Mwanzoni ilisoma "mbuzi" mahali pa "mfuko". Alhamisi alasiri ilikuwa inasoma mwandiko wa marehemu meneja vizuri kuliko Mzee Kilasara aliyeuzoea.

Ijumaa, saa nne asubuhi, tukajaa ofisini. Mkurugenzi, wakili na miwani yake, Bibi Aikande, sisi wa magunia tumebanana mlangoni. Wambura akamgeukia Bibi.

"Shikamoo mama. Hebu niambie, siku ile meneja alisema nini? Maneno yake, kama unayakumbuka."

"Marahaba mwanangu. Alisema mkono wa mume wangu umebaki kwao, kwa hiyo na sisi tutabaki."

Wambura hakuandika jina tena. Aliandika kama mtu anayemwuliza mwenzake: *fundi aliyepoteza mkono akapewa nyumba*. Akabonyeza.

Jamani. Mafaili elfu kumi na nne. Karatasi laki tatu, mbele na nyuma. Mzee Kilasara angehitaji maisha mengine mawili kuzisoma. Mtu wa mlangoni alikuwa anajiandaa kupiga chafya, na kabla hajaipiga, kioo cha kompyuta kiliwaka na picha ya karatasi moja ikatokea. Moja tu.

Ilikuwa nyuma ya fomu ya matengenezo ya mashine namba tatu. Mwaka ule wa njaa ya karatasi, meneja alichukua fomu iliyotumika, akaigeuza, akaandika barua yake nyuma. Na Kilasara, mgeni wa kazi, aliona fomu ya mashine, akaiweka kwenye faili la mashine. Miaka arobaini barua ya nyumba ililala kifudifudi kati ya orodha za nati na mikanda.

Wambura akaisoma kwa sauti. "Fundi huyu, kwa kuwa mkono wake umebaki kwenye mashine yetu, apewe nyumba namba kumi na moja na shamba hadi kwenye mfereji, yeye na uzao wake, na asiwepo wa kuwaondoa." Chini yake sahihi, muhuri, na alama ya dole gumba. La kushoto, maana la kulia halikuwepo. Jina lake meneja hakuliandika, dole lile ndilo lililokuwa jina.

Bibi Aikande akasogea. Akainua mkono wake, akaweka dole gumba lake juu ya lile la kwenye kioo, akaliacha pale. Akasema, "Ndiye." Mimi nimeona kupatwa kwa jua mara moja maishani mwangu, watu wote wakaacha majembe. Siku ile niliona tena watu wakisimama vile.

Halafu wakili akavua miwani.

"Mama, pole sana, na ninaamini macho yangu. Lakini hii ni picha. Siku hizi picha hutengenezwa. Niwekeeni karatasi yenyewe mezani kabla ya saa sita, nami nitatia sahihi."

Saa ukutani ilikuwa saa tano kasoro robo. Wambura uso ukamshuka. Tulijua wote anakumbuka nini: kikao kile, kicheko kile, panya. Akasema polepole, "Karatasi zilichomwa. Mimi ndiye niliyesema zichomwe."

Ndipo Mzee Kilasara akasimama, akavaa kofia yake.

"Hazikuchomwa," akasema. "Ziko kwangu. Zote. Mlichoma makapi." Akamgeukia mkurugenzi. "Kama ni wizi, mimi mwizi. Nilikwambia faili halilali nje. Kwamba pia halichomwi, hilo sikukwambia."

Mkurugenzi akatazama saa, akatupungia mkono twende. Tukakimbia. Nyumba ya Mzee iko nyuma ya kanisa, mwendo mfupi ukiwa na mapafu. Darini kwake, mahali watu wanapoweka mahindi, kulikuwa na magunia thelathini na moja, yamefungwa, yamekauka, yamepangwa kwa namba. Yeye mwenyewe alikuwa akilala sebuleni, maana dari lilianza kulemea chumba.

Magunia thelathini na moja! Nani angepekua kwa saa moja? Lakini Hyasinta alikuwa ameshasoma kona ya picha kwenye kioo, ile namba yake ndogo ya penseli. "Gunia la kumi na tisa," akasema akiwa bado ngazini. "Karatasi ya mia mbili na kumi na mbili." Tukalishusha la kumi na tisa. Akahesabu kwa kidole kilicholowa mate. Akavuta. Akageuza.

Saa sita kasoro dakika nane, wakili aliiweka karatasi kando ya kioo, dole kwa dole. Akatazama muda mrefu. Akaomba kalamu. Nyumba namba kumi na moja, na shamba hadi mfereji, na kaburi lililomo, vikabaki.

Mngesema hadithi imekwisha. Ngoja.

Jumapili Bibi Aikande akachinja mbuzi. Na kwenye mteremko ule mbuzi haliwi ovyo ovyo. Kila nyama ina mwenyewe. Mguu una mwenyewe, kichwa kina mwenyewe, na kidari, ile nyama ya kifuani, hupewa aliyesimamisha nyumba isianguke. Akishakila kidari si mgeni tena. Anakuwa ndugu wa nyumba ile: kwenye harusi anaitwa kwanza, na mwenye nyumba akifa yeye ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Na mbuzi ana kidari kimoja, na kidari hakikatwi. Ukikikata mara tatu umegawa nyama tu, hujagawa undugu.

Bibi akatoka jikoni na kidari kwenye jani la mgomba. Akatazama wageni wake watatu kwenye benchi. Akasema, "Mimi sikusoma, na haya mambo ya kompyuta yamenipita kimo. Kila mtu aseme lake, nijue nimpe nani."

Mzee Kilasara akasimama kwanza, kwa umri.

"Mama, picha haikukuokoa. Wakili aliikataa mbele yako. Karatasi ndiyo iliyokuokoa, na karatasi ni mimi. Niliitunza miaka arobaini isiliwe na mchwa aliyekula ya kwako. Walipotaka kuichoma niliiba, mimi ambaye sijawahi kuiba hata pini ya ofisi. Wanangu wako mbali, simu zao huja Krismasi. Masjala yangu imefungwa. Sina pengine pa kuitwa kwanza."

Wazee wakaguna, "Kweli, kweli." Lakini mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, si wewe uliyeipoteza kwenye faili la mashine?" Mzee akajibu, "Ni mimi. Niliweka pabaya, lakini niliweka." Akakaa.

Hyasinta akasimama. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, ikabidi tunyamaze.

"Mzee alitunza, lakini hakujua anatunza nini. Gunia lisilojulikana lina nini, kwangu mimi ni mzigo. Walisema nyuma hakuna kitu. Mimi niligeuza. Mara laki tatu niligeuza, kwa mkono huu, mpaka kiwiko kikavimba. Kama nisingegeuza, kompyuta ya kaka Wambura ingesoma orodha ya nati. Kama nisingeandika namba, mngekuwa mnapekua dari mpaka leo na trekta limeshapita. Kwa ajili hiyo nilipewa onyo, na mkataba wangu haukuongezwa. Sina mume, wazazi nimewazika. Nami ningependa siku moja pawe na nyumba ambayo nikichelewa, watu waulize Hyasinta yuko wapi."

Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi, nisiwafiche, machozi yalinilengalenga.

Wambura akasimama mwisho. Safari hii hakutania.

"Mama, nina kosa, na nalisema kabla hamjanisemea. Mimi nilishauri zichomwe. Nilidhani nikiwa na picha nina kila kitu. Lakini Jumatatu ile karatasi ilikuwepo darini na picha ilikuwepo kwenye kompyuta, na wewe uliambiwa haipo. Mzee alikuwa nayo akasema hajui. Dada alikuwa nayo akasema haipo. Kitu ambacho hakuna awezaye kukipata kina tofauti gani na majivu? Siku tatu niliifundisha mashine kusoma mkono wa mtu aliyekufa. Haikuwa amri, wala kazi yangu. Kazi yangu ilikwisha siku kiwanda kilipouzwa. Mimi kwetu ni mbali, hapa nakula hotelini. Wakati nilipokuona umeweka dole lako pale, nilijua kwa nini nilisomea kazi hii."

Halafu jirani mmoja mlevi akapayuka, "Na kompyuta je? Si ndiyo iliyoiona?" Watu wakacheka. Wambura akacheka pia, akasema, "Kompyuta haina harusi wala msiba, mzee wangu. Kidari itakipeleka wapi?" Lakini niliwaona wachache ambao hawakucheka. Walikuwa bado wanaiwazia.

Bibi Aikande akabaki amesimama. Mafuta ya kidari yalikuwa yameanza kuganda kwenye jani. Akamtazama aliyetunza asijue anachotunza. Akamtazama aliyegeuza akaadhibiwa. Akamtazama aliyetaka kuchoma, kisha akaifanya mashine isome. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Nikimpa mmoja, wawili wataondoka kwangu wageni."

Kisha akapiga hatua, akainama, akakiweka kidari mikononi mwa mmoja wao.

Mimi nilikuwepo, namjua. Lakini nikiwatajia mtanitazama mimi, na mimi sikuja kutazamwa. Nyumba ingekuwa yenu, na aliyelala migombani ni wenu, na jani la mgomba liko mikononi mwenu, nyama inapoa, watu watatu kwenye benchi wameshusha macho.

Semeni basi. Je, nani alistahili kidari?